Kitanda cha kichanga ubavuni mwa mama: kabla hujalipa, pima pengo

Swali: "Shikamoo mama. Nina mimba ya miezi minane, ni ya kwanza. Tunaishi Tabata, chumba na sebule. Kitanda chetu ni cha mninga, tano kwa sita. Mume wangu ameona dukani kitanda kidogo cha mtumba kutoka Ulaya, kile ambacho upande mmoja unashushwa halafu kinaunganishwa na kitanda cha mama. Wanataka laki tatu na nusu. Muuzaji anasema kinainuliwa upande wa kichwa ili mtoto asipaliwe na maziwa. Mama mkwe anasema tusipoteze hela, mtoto hulala na mama yake. Fundi mmoja wa Keko naye anasema atatutengenezea kwa bei nafuu. Tufanye lipi? Na chandarua kitakaaje hapo?"

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kufika mwezi wa nane. Mimi ni mkunga, na katika miaka yangu yote ya kazi hakuna sehemu niliyoipenda kama kuwatembelea wazazi nyumbani ndani ya arobaini, maana huko ndiko unakoona mtoto analala wapi hasa. Wodini kila kitu kimenyooka. Nyumbani kuna godoro lililobonyea katikati, kuna mto wa sufi uliotoka kwa bibi, na kuna blanketi la zawadi ambalo kila mtu anataka alikute limemfunika mtoto akija kumwona.

Nikujibu moja kwa moja kabla sijaeleza. Hicho cha mtumba usikilipie mpaka umepima mambo mawili nitakayokutajia, na kwa kitanda cha mninga cha mafundi wetu nina wasiwasi kwamba hakitakubali. Ningekuwa wewe ningekwenda kwa fundi nikiwa na vipimo mkononi, anitengenezee kitanda kidogo chenye pande nne zote zimesimama, nikiweke ubavuni mwangu kiasi cha kunyoosha mkono tu nimguse mwanangu.

Mama mkwe wako msimpinge haraka. Anachokisema kina ukweli mkubwa: kichanga hapaswi kulala chumba cha peke yake. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, wanashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa walau miezi 6 ya kwanza, karibu na kitanda chao. Hapo wamekutana na bibi zetu. Wanapoachana nao ni kwenye godoro. Godoro la mtu mzima ni laini, linabonyea pale mzazi alipolala, mtoto anateleza kuelekea kwenye bonde hilo. Kuna mito, kuna shuka zito, kuna mgongo wa baba aliyerudi kazini amechoka. Bibi zetu wengi walilala kwenye vitanda vya kamba vyenye mkeka juu, au mkeka chini sakafuni. Uso ule ulikuwa mgumu na mkavu, hauna shimo la kumzamisha mtoto. Godoro la sponji la inchi 8 ni kitu kingine kabisa, na ukimweleza hivyo mama mkwe atakuelewa, kwa sababu alivilalia vyote viwili.

Sasa nije kwenye pengo, maana ndilo hasa lililonifanya nikujibu kwa urefu.

Kitanda cha ubavuni kimebuniwa kwa vitanda vya wenzetu, ambavyo mara nyingi godoro limekaa juu ya boksi au juu ya fremu nyembamba, kingo zake ziko wazi pande zote. Ukikisogeza kitanda kidogo, godoro linagusana na godoro, mikanda inavutwa, kwisha. Vitanda vyetu havijakaa hivyo. Cha mninga kina mbao nene za ubavuni, na godoro limezama ndani ya mbao hizo kama keki ndani ya sufuria. Ukikisogeza kitanda cha mtoto, kinagonga ubao na kusimama hapo. Kati ya godoro lako na lake unabaki unene wa ubao, pamoja na nafasi kati ya godoro lako na ubao wenyewe, kwa sababu godoro huwa halijai fremu barabara.

Niliwahi kuingia nyumba moja, mzazi wa wiki tatu, kitanda kizuri cha kijivu cha kuunganisha, kimepambwa mpaka unasita kukigusa. Nikaketi ukingoni mwa kitanda cha mama. Godoro likashuka kwa uzito wangu, na pale ubavuni pakafunguka. Nikaingiza mkono wangu, ukazama mpaka juu ya kifundo. Nilipousukuma zaidi nikagusa chaga. Mama yule alikuwa anaangalia tu. Akaniambia, "Lakini mchana hapaonekani." Na kweli hapakuonekana, kwa sababu mchana hakuna aliyelalia upande ule. Tulipandisha upande wa nne wa kile kitanda saa ileile, tukakivuta kidogo, na mtoto akaendelea kukitumia hivyo salama mpaka alipoanza kujigeuza.

Kichwa cha kichanga kina mzunguko wa sentimita 35 hivi, lakini mwili wake ni mwembamba kuliko kichwa. Ndiyo maana pengo ni hatari kuliko linavyoonekana: miguu na kiwiliwili vinapita, kichwa kinakwama, na mtoto wa umri huo hana nguvu ya shingo ya kujinasua. Halii kwa sauti pia, kwa sababu njia ya hewa imebanwa. Ukiwa umelala hatua moja kutoka kwake hutasikia kitu.

Kwa hiyo hivi ndivyo mtakavyopima. Chukueni futikamba. Mmoja wenu aketi ukingoni mwa kitanda upande ambao mtoto atakaa, uzito wote, kama unavyoketi kunyonyesha. Mwingine apime kutoka sakafuni mpaka juu ya godoro likiwa limebonyea hivyo, siyo likiwa tupu. Hicho ndicho kimo chenu cha kweli. Nendeni nacho dukani muone kama kile kitanda kinarekebishika kufikia hapo, ili godoro la mtoto liwe sawa na lenu au chini yake kidogo, lisiwe juu. Pili, pimeni kutoka ukingo wa godoro lenu mpaka uso wa nje wa ubao wa ubavuni. Kama kipimo hicho hakiishii kwenye sifuri, vitanda viwili hivyo havitashikana, hata mkivuta mikanda kwa nguvu za watu wawili. Na msije mkaziba pengo hilo kwa kanga iliyokunjwa au taulo. Nimeona watu wengi wakifanya hivyo. Taulo hushuka usiku, kisha unakuwa na pengo na kitambaa laini mahali pamoja.

Kuna jaribio jingine ninalowafanyisha wazazi, halihitaji utaalamu. Mfuko wa unga wa kilo 5. Vitanda vikiwa vimefungwa, uweke mfuko katikati ya kitanda cha mtoto, kisha usukume taratibu kwa kiganja kuelekea upande wa mama, jinsi mtoto anavyojisukuma kwa visigino. Ukitikisika mpaka ukazama upande au kitanda kikasogea sakafuni, jibu umelipata. Sakafu ya vigae huteleza kuliko ya saruji, kwa hiyo ufanye jaribio hilo chumbani kwenu, dukani halitoshi. Na hata pale vinaposhikana vizuri, upande ulioshushwa usiishe kabisa: ukingo mdogo ubaki ukisimama juu ya godoro la mtoto, walau upana wa kiganja cha mtu mzima, ili asibingirike kuja kwako, na wewe shuka lako lisimwendee.

Kama hayo yote yamekataa, kile kitanda hakijawa takataka. Upandisheni upande wa nne, kikae peke yake pembeni. Umbali kati yako na mtoto unaongezeka kwa urefu wa mkono tu. Ila kwa matumizi hayo sioni kwa nini mlipe laki tatu na nusu.

Hilo la kuinua upande wa kichwa, mwambieni muuzaji hapana. Najua hofu hii ni kubwa kwetu, kila nyumba nimeikuta: mtoto akilala chali atapaliwa, kwa hiyo alazwe ubavu, au kifudifudi, au ainuliwe. Maumbile yanasema kinyume. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na umio, ile njia ya chakula, inakuwa chini yake. Maziwa akiyacheua yanabaki kwenye umio ulio chini, na ili yaingie kwenye hewa yangelazimika kupanda mlima. Ukimgeuza kifudifudi unageuza na mpangilio wote: umio unakuwa juu, maziwa yanadondokea kwenye njia ya hewa. Zaidi ya hapo, uso uliobanwa kwenye godoro unavuta tena hewa ileile aliyoitoa.

Haya hayakujulikana zamani hata huko Ulaya. Watoto walilazwa kifudifudi kwa ushauri wa hospitali zenyewe. Kampeni ya kuwalaza chali ilianza Uingereza mwishoni mwa 1991, na vifo vya ghafla vya vichanga usingizini vikashuka kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache. Marekani ushauri ulitolewa 1992, kampeni ya taifa ikafuata 1994, navyo vikapungua karibu nusu. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine. Ilikuwa ni kumgeuza mtoto tu. Kila nikimwona kichanga amelazwa kwa tumbo huwa nakumbuka hilo, nami huinuka nikamgeuza hata kama ni kwa watu nisiowajua.

Kuinuliwa nako kuna kosa lake. Kichwa cha kichanga ni kizito kwa mwili wake. Akiwa kwenye mteremko, kidevu kinaangukia kifuani na koo linakunjika, kama bomba la maji lililopinda. Au anateleza chini na kujikunja pembeni. Marekani walipitisha sheria mwaka 2022 inayopiga marufuku vitanda vya kulalia vichanga vyenye mteremko unaozidi nyuzi 10, pamoja na zile kuta za sponji za kuzungushia ndani ya kitanda, baada ya watoto kupoteza maisha. Vitanda vilivyokwisha kuuzwa kabla ya hapo havikuyeyuka. Vingine vinapanda makontena. Wewe laza mtoto mahali bapa kabisa, chali, kila usingizi, wa mchana na wa usiku. Akinyonya, mweke begani umcheulishe kwanza, ndipo umlaze. Kama anatapika kwa nguvu au haongezeki uzito, hiyo ni ya kupelekwa kliniki, na kitanda hakitaitibu.

Kuhusu kulala ubavu, watu hudhani ni njia ya kati. Mtoto hakai ubavu. Usiku anaangukia upande mmoja, na unaweza kuwa upande wa tumbo.

Tukirudi kwa fundi. Keko kuna mafundi wazuri sana, lakini ukimwachia fundi achague atakutengenezea kitanda kinachopendeza macho. Wewe unataka kinachochosha macho. Mwambie urefu wa ndani sentimita 120 na upana 60. Mtoto atakitumia mpaka kupita mwaka, wakati hivi vya kuunganisha vingi vina kikomo cha kilo 9 au miezi 6, au siku ile mtoto anapoanza kujiinua kwa mikono, kikomo kipi kitangulie. Fito za kusimama pembeni, nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Beba kopo la soda uende nalo karakana: likipita katikati ya fito, zimeachana mno. Kopo la kawaida lina upana wa sentimita 6.6 hivi, kwa hiyo hata likikwama, pima kwa futikamba uhakikishe nafasi haizidi 6. Sisemi ukadirie kwa macho, kwa sababu mafundi wengi hugawa nafasi ili idadi ya fito ipungue, mbao ni ghali, nawaelewa.

Mwambie asichonge maua ya uwazi kwenye ubao wa kichwani, yale ya moyo na nyota. Mkono unaingia, baadaye na kichwa. Miguu ya pembeni isichomoze juu ya ukingo kama vichwa vya mishale, kwa sababu nguo hunasa. Atumie skrubu, asipige misumari mitupu. Kutoka kwenye chaga mpaka ukingo wa juu iwe sentimita 65 kwenda juu, ili mtoto akianza kusimama asiruke nje. Chaga zikaribiane na zifungwe, zisiwe za kulaza tu juu, zikasogea godoro likazama kona moja. Pande zote nne zisimame kimoja. Upande wa kuteremka na kupanda ni wa kupendeza, lakini Marekani wamekataza kuuza vitanda vya watoto vya aina hiyo tangu 2011, kwa sababu vile vishikio huchakaa, upande unaning'inia kona moja na kuacha uwazi wa kumnasa mtoto. Hiyo ni aina nyingine utakayoikuta kwa wingi kwenye mitumba.

Rangi, kama ni lazima, iwe ile iliyoandikwa haina madini ya risasi, maana meno yakitoka ukingo wa kitanda ndio wa kwanza kutafunwa. Mimi napenda mbao iliyopigwa msasa vizuri na kupakwa vanishi kidogo, ikaachwa nje kwenye upepo wiki mbili tatu kabla mtoto hajaingia. Ndiyo maana nakuhimiza uende Keko wiki hii, usingoje mwezi wa tisa.

Godoro likatwe kwa kipimo cha ndani ya kitanda, siyo likaribie. Ukilisukuma kona moja, upande wa pili visiingie zaidi ya vidole viwili. Liwe gumu. Wauza magodoro watakushangaa, watakwambia mtoto anataka laini. Bonyeza kwa kiganja katikati kisha uondoe: uso urudi bapa mara moja bila kubaki na alama ya mkono. Likibaki na bonde, hilo ni la kochi. Juu yake weka mpira wa kuzuia mkojo, uvutwe ubane chini ya godoro, kisha shuka moja lililobana pande zote. Hapo kitanda kimekamilika. Hakuna mto, hata ule mdogo wa katikati wenye shimo unaouzwa eti wa kutengeneza kichwa. Kichwa kikianza kuwa bapa nyuma, mlaze kwa tumbo akiwa macho na wewe umekaa naye, mara kadhaa kwa siku, kitarudi. Hakuna mwanasesere, wala ile mito mirefu ya kuzungushia pembeni.

Najua utanunuliwa kile chandarua cha kukunja cha mwavuli, chenye kigodoro laini na kimto chake cha rangi ya waridi au buluu. Huja kama zawadi karibu kila nyumba. Mchana unaweza kukitumia juu ya godoro lake gumu baada ya kukikata kile kimto na kuondoa kigodoro. Usiku nakitilia shaka kwa sababu ni kidogo: mtoto hunyoosha mkono ukagusa wavu, na mbu aliye nje humuuma akiwa ndani. Vingi pia havina dawa.

Hapo ndipo nijibu swali lako la chandarua. Kile ulichopewa kliniki siku ya kwanza kina dawa na ndicho kizuri, ila kinaweza kutosha kitanda chenu tu. Mkishaongeza kitanda cha mtoto pembeni, pima upana wa vyote viwili kwa pamoja. Kama hakifiki, mtafutie mtoto chake chenye dawa, kining'inizwe darini juu kabisa, kishuke pande zote mpaka sakafuni kikifunika kitanda kizima kwa nje, kisichomekwe chini ya godoro lake. Kikichomekwa ndani, kikilegea kinamwangukia usoni. Kamba za kuning'inizia zifungwe juu, ncha zikatwe, zisibaki zikining'inia kumfikia. Chandarua kipya chenye dawa kianikwe kivulini siku moja kabla. Malaria kwa kichanga si mchezo, kwa hiyo nisikusikie umekiacha kwa sababu chumba kina joto.

Joto lenyewe lina neno. Nimekuta vichanga Dar es Salaam, Februari, wamevikwa sweta, soksi, kofia ya sufi, kisha blanketi juu. Wazazi wetu wengi walikulia Njombe, Lushoto, Kilimanjaro, nao walilelewa hivyo kwa haki, kwa sababu huko kuna baridi. Joto la pwani likimzidi kichanga usingizini linaongeza hatari ya kifo cha ghafla. Mtoto hupoza mwili wake kwa kichwa zaidi, kwa hiyo kofia ivuliwe mkiwa ndani anapolala, isipokuwa kama ni njiti na mmeagizwa vinginevyo. Mguse shingoni nyuma au kifuani, usiguse viganja, viganja vya kichanga huwa baridi hata akiwa na afya. Shingo ikiwa na jasho, punguza nguo. Ukimfunga kanga, mfunge kifuani tu, nyonga na miguu vicheze, uso uwe wazi, na uache kabisa siku utakapoona anajaribu kujigeuza. Feni iwashe, isimpige usoni.

Na kwa kuwa uko kwenye uzazi, kutakuwa na mkaa wa kufukizia, na kwa wa mikoa ya baridi jiko la kupasha chumba. Jiko la mkaa lisilale chumbani na mtoto, hata likionekana limebaki majivu. Hewa yake haina harufu na haichagui mkubwa na mdogo. Hirizi au uzi ambao wazee watataka avae, sigombani nao. Naomba tu usiwe shingoni wakati wa kulala.

Wakati mwingine wazazi huniambia, mama, hatuna hela ya fundi wala ya duka. Huwa nawaambia habari ya Finland. Tangu 1938 serikali yao imekuwa ikiwapa akina mama boksi la karatasi ngumu lenye nguo za mtoto na kigodoro cha kutosha chini yake. Mwanzo walipewa maskini, tangu 1949 wakapewa wote, kwa sharti la kwenda kliniki mapema. Watoto wengi wa Finland usingizi wao wa kwanza waliulala ndani ya boksi lile. Na Wamaori wa New Zealand husuka kikapu cha majani ya harakeke, wanakiita wahakura, wanakiweka juu ya kitanda cha wazazi, mtoto analala karibu na mama lakini kwenye uso wake mwenyewe. Nikiona ukili wetu na mikono ya akina mama wa pwani na visiwani, nafikiri tungeweza kuusuka wa kwetu vizuri sana, wenye kingo zinazosimama na chini bapa. Kikapu cha sokoni chenye kuta zinazolala hakifai. Usidhani boksi peke yake ndilo lililopunguza vifo Finland. Kliniki ilifanya kazi kubwa. Lakini linaonyesha kinachohitajika kwa mtoto ni kidogo: bapa, gumu, tupu, na kuta zisizomruhusu kutoka.

Mtoto wako akizaliwa chini ya kilo 2.5, acha yote niliyosema juu ya kitanda kwa muda. Huyo mahali pake ni kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, kama utakavyofundishwa wodini.

Bado kuna usiku wa saa nane, unanyonyesha, macho yanafumba. Hili litakutokea, usijione mzembe. Ukihisi usingizi, nyonyeshea kitandani, usiende kukaa kwenye kochi la sebuleni. Kochi ni mahali pabaya kuliko pote pa kusinzia na mtoto, anateleza kwenye kona ya mito na kiegemeo. Kabla hujaanza kunyonyesha, sogeza mito yako na shuka mbali. Ukizinduka umelala naye, mrudishe kitandani mwake palepale. Siku ambayo mmoja wenu amekunywa pombe, au anavuta sigara, au amemeza dawa ya kuleta usingizi, mtoto asipande kitanda cha wakubwa hata kwa kunyonya ukiwa umelala. Maziwa yako yenyewe yanamlinda: kunyonya miezi 2 au zaidi kunapunguza hatari ya kifo cha ghafla kwa karibu nusu. Hilo mwambie mumeo akiuliza ulinzi gani wa bure upo.

Kama bado mnakitamani kile cha mtumba, kigeuzeni chini kwanza mtafute lebo yenye jina la mtengenezaji, namba ya modeli na mwaka. Kisicho na lebo achaneni nacho. Chenye lebo, andikeni namba hiyo kwenye simu mtafute kama kiliwahi kurudishwa kiwandani. Kisha mwombeni muuzaji akifungue na kukifunga mbele yenu, vipande vyote, mikanda yote miwili na skrubu zake za asili. Mkanda mmoja ukikosekana, muuzaji atakwambia fundi cherehani atashona mwingine. Mkubalieni kwa heshima, muondoke.

Jumamosi hii, kabla ya Keko, pimeni vile vipimo viwili vya kitanda chenu. Niandikie vyote viwili, na kimo cha dari pia, nikusaidie kupanga chandarua.